Spika anaamuaje suala la haki za bunge? Swali kutoka Nakuru

MsaidiziWadi_Nakuru

Hamjambo wanajukwaa. Naomba msaada wa wanaozielewa Kanuni za Kudumu (kanuni za kuendesha shughuli za bunge), si wa wanaozisikia tu kwenye redio.

Tuseme waziri wa kaunti anasimama kwenye mkutano wa hadhara pale Molo na kutangaza kwamba kamati fulani ya bunge la kaunti ilihongwa ndipo ikaandika ripoti iliyomkosoa. Mwenyekiti wa kamati anataka kulifikisha bungeni akisema haki za bunge zimevunjwa. Maswali yangu:

1. Anasimama kwa hoja ya nidhamu, au anaandika barua kwanza?
2. Spika anapima nini kabla ya kuamua?
3. Spika akikubali, waziri anafanywa nini?
4. Asiyeridhika anaweza kwenda kortini? Hapa kuna wanaoshikilia kwamba neno la Spika ni kama filimbi ya refa, ikishalia imelia.

Mezani_Kisumu

Nianze na swali la pili kwa sababu ndilo linalowakwamisha wengi, hata wenye mihula miwili bungeni. Siku hiyo Spika haamui kama waziri ana makosa. Anaamua jambo dogo zaidi: je, lalamiko hili, likichukuliwa jinsi lilivyoletwa, linaonyesha dalili za awali za kuvunjwa kwa haki ya bunge, kiasi cha kustahili kutangulizwa mbele ya shughuli nyingine? Kujua kama maneno yalisemwa kweli, yalimaanisha nini na mhusika afanywe nini ni kazi ya kamati, kisha ya bunge zima. Spika anayeanza kumlaani mtu ndani ya uamuzi wa awali ameshaharibu kesi kabla haijaanza. Nitaeleza sababu huko mbele.

Haki zenyewe ni chache kuliko watu wanavyodhani. Kwa Bunge la Taifa na Seneti msingi wake ni Kifungu cha 117 cha Katiba pamoja na Sheria Na. 29 ya 2017 kuhusu mamlaka na haki za Bunge. Kwa kaunti ni Kifungu cha 196(3), kilicholiagiza Bunge kutunga sheria kama hiyo, na ndipo tukapata Sheria Na. 6 ya 2017. Ukizichambua utakuta mambo kama matano: uhuru wa kusema bungeni na kwenye kamati bila kushtakiwa, kufika na kufanya kazi ya bunge bila kuzuiwa wala kutishwa, mamlaka ya kuita mashahidi na nyaraka (Kifungu cha 195 kinalipa bunge la kaunti na kamati zake nguvu za Mahakama Kuu katika hilo), kulindwa kwa mashahidi, na bunge kuendesha mambo yake ya ndani. Lalamiko lisiloingia katika mojawapo ya hayo, au lisilohusu kitendo kinacholizuia bunge kufanya kazi, halina pa kusimama hata kama limewaudhi wajumbe wote 55 waliochaguliwa Nakuru.

Sasa maswali ambayo Spika makini hujiuliza, na kwa kawaida huyafuata kwa mpangilio huu.

Kwanza, nani amedhulumiwa? Waziri akisema "mwenyekiti yule ni mnyakuzi wa mashamba", hilo ni jina la mtu binafsi na dawa yake ni kesi ya kashfa mahakamani. Akisema "kamati ilihongwa ndipo ikaandika ripoti", amegusa kazi ya kamati yenyewe. Mpaka uko hapo. Mjumbe hatukanwi "kama bunge" kwa sababu tu ni mjumbe.

Pili, limeletwa mapema? Mabunge mengi ya kaunti hukaa Jumanne hadi Alhamisi. Maneno ya Jumamosi yaletwe Jumanne. Kama kanda ya video ilichelewa kupatikana, sema hivyo waziwazi na utaje tarehe uliyoipata. Kama bunge liko mapumzikoni, barua kwa Spika kupitia kwa karani huhifadhi tarehe. Lalamiko la miezi miwili lisilo na maelezo hukataliwa kwa mstari mmoja, na ni haki yake.

Tatu, ushahidi uko mezani? "Nimeona WhatsApp" si ushahidi. Leta kanda nzima, si kipande cha sekunde ishirini, na maneno yaliyonukuliwa neno kwa neno pamoja na dakika yanapoanza. Hapa kwetu Kisumu kuna mtego mwingine: maneno mengi ya mikutanoni hutamkwa kwa Kidholuo, na huko Molo yanaweza kuwa kwa Kikuyu au Kikalenjin. Bunge haliwezi kupima lugha ambayo haliendeshi shughuli kwayo, kwa hiyo ambatisha tafsiri iliyotiwa sahihi na aliyeitafsiri. Kamati hazifungwi na kila kanuni ya ushahidi ya mahakama, lakini ukiambatisha cheti cha ushahidi wa kielektroniki kama kile cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, umeziba mwanya ambao wakili wa upande wa pili angeupitia baadaye.

Nne, jambo liko mahakamani? Katika kanuni za Bunge la Taifa, anayedai kwamba jambo lisijadiliwe kwa kuwa liko mbele ya hakimu au jaji ndiye anayepaswa kuleta uthibitisho kwamba kesi ipo, iko hai, na mjadala utaiathiri. Kusema tu "liko kortini, Bwana Spika" hakutoshi, ingawa husikika kila wiki.

Tano, kuna njia nyingine ya kawaida? Waziri akikataa kufika mbele ya kamati, hatua ya kwanza ni hati ya wito. Suala la haki huja akiidharau hati hiyo.

Kama kanuni ziko kimya juu ya jambo fulani, Spika hurudi kwenye Kanuni ya Kudumu Na. 1. Anaamua kwa kufuata Katiba, sheria, na mila na maamuzi ya awali ya Bunge la Kenya na ya mabunge mengine, kwa kiwango yanachofaa hapa. Ndiyo maana utasikia Spika akinukuu London, Ottawa au New Delhi. Huo ndio mlango wake wa kisheria, hajionyeshi.

Kuhusu swali la kwanza: andika barua, halafu uombe nafasi. Uingereza mjumbe humwandikia Spika faraghani na hatakiwi hata kutangaza ukumbini kwamba ameandika. India notisi hufika kabla ya saa nne asubuhi ya siku ya kikao, na katika kikao kimoja mjumbe haleti suala zaidi ya moja. Kwetu wajumbe wamezoea kuruka na "hoja ya nidhamu!" katikati ya mjadala wa bajeti. Hoja ya nidhamu ni ya kanuni inayovunjwa saa hiyo hiyo ukumbini. Maneno ya Molo si hoja ya nidhamu. Spika mvumilivu atakusikiliza, mkali atakuketisha, na utakuwa umepoteza nafasi ya kulileta kwa utulivu.

WakiliMashinani_Kakamega

Mezani ameeleza vizuri. Naongeza kuhusu swali la tatu na la nne, na kuna jambo moja tunatofautiana.

Amelieleza kana kwamba lazima upitie kwa Spika ukumbini. Si lazima. Sheria ya 2017 ya Bunge la Taifa inairuhusu Kamati ya Mamlaka na Haki kuchunguza mwenendo wa mjumbe kwa hiari yake, au kwa lalamiko la mtu yeyote, na inaipa siku 14 kulishughulikia. Sheria ya kaunti imefuata mkondo uleule. Kwa hiyo mkazi wa Lurambi asiye mjumbe anaweza kulalamika kuhusu mjumbe bila kusubiri mtu asimame ukumbini. Uamuzi wa Spika ukumbini unahitajika pale unapotaka bunge lenyewe lisimamishe shughuli na kulitambua jambo.

Na sasa ile sababu ambayo Mezani aliahidi kuieleza: kwetu Spika ndiye mwenyekiti wa kamati hiyo hiyo. Yeye anaamua kama kuna dalili za awali, kisha anaketi kichwani mwa meza kuwasikiliza mashahidi. Katika mabunge mengi ya Jumuiya ya Madola kazi hizo mbili zimetenganishwa. Kwa hiyo kila neno la ziada katika uamuzi wake wa awali ni zawadi kwa mlalamikiwa, ambaye atatua Mahakama Kuu na Kifungu cha 47 na cha 50 vya Katiba (haki ya hatua za kiutawala zilizo za haki na ya kusikilizwa kwa haki) mkononi, pamoja na Sheria ya Haki katika Hatua za Kiutawala ya 2015, akidai alihukumiwa kabla ya kusikilizwa. Uamuzi mzuri huwa mkavu. Unasema "yanayodaiwa", unasema "yakichukuliwa yalivyo", na unaishia hapo.

Tena kuna upande ambao wenyeviti wa kamati huusahau. Madai ya hongo yanakata kuwili. Mjumbe kupokea hongo ni uvunjaji wa haki za bunge, mbali na kuwa jinai. Kwa hiyo Spika hawezi kuelekeza uchunguzi dhidi ya aliyesema tu; anapaswa kuelekeza pia uchunguzi wa kilichosemwa. Mfano tunao, na sisi wa ukanda wa miwa hatujausahau: Agosti 2018 Bunge la Taifa liliikataa ripoti ya sukari ya magendo, zikaibuka tuhuma kwamba wabunge walipewa pesa ili waiangushe. Spika Justin Muturi alilipeleka suala kwa Kamati ya Mamlaka na Haki ichunguze hongo yenyewe, badala ya kuwaandama waliolalamika tu. Mwenyekiti wako wa Nakuru ajiulize kama yuko tayari kuhojiwa kabla hajabonyeza maikrofoni.

Adhabu: mlalamikiwa akiwa mjumbe, bunge linaweza kumpa onyo, karipio, amri ya kuomba radhi, kumnyima matumizi ya huduma fulani kwa muda, kumwondoa kwenye wadhifa wa bunge, kumtoza faini inayopimwa kwa mshahara na marupurupu yake, au kumsimamisha. Hayo yote huamuliwa na bunge kwa kura baada ya ripoti. Spika peke yake hana uwezo huo, isipokuwa ule wa papo hapo wa kumtoa mtu aliyefanya fujo ukumbini.

Waziri wa kaunti si mjumbe. Hapo bunge linaweza kumwita, kumtaka aeleze, kupitisha azimio la kumlaani, na kama kitendo chake ni kosa chini ya sheria (kutisha shahidi, kwa mfano) likapelekwa kwa polisi na mwendesha mashtaka. Bunge la kaunti halifungi mtu. Wanaotaka afutwe kazi wana njia yao tofauti, kifungu cha 40 cha Sheria ya Serikali za Kaunti: hoja iungwe mkono na angalau theluthi moja ya wajumbe, kamati teule ya watu watano ichunguze na iripoti ndani ya siku kumi. Usichanganye safari hizo mbili katika hoja moja, Spika ataitupa.

Kuhusu korti: ile habari ya filimbi ya refa imepitwa. Sheria ya 2017 ya Bunge la Taifa na Seneti iliweka kifungu cha 11 kuzuia maamuzi ya Bunge na ya kamati hiyo yasihojiwe mahakamani. Mwaka 2018, katika kesi ya Apollo Mboya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba, pamoja na cha 7. Na kwamba neno la Spika hupimwa tulishuhudia tena: uamuzi wa Spika Moses Wetang'ula wa 6 Oktoba 2022 kuhusu upande upi ni wa walio wengi bungeni ulibatilishwa na Mahakama Kuu tarehe 7 Februari 2025. Huo haukuwa wa haki za bunge, lakini kanuni ni ileile. Hata Uingereza kwenyewe, mahakama ndizo zinazosema kama haki fulani ipo, tangu kesi ya Stockdale dhidi ya Hansard mwaka 1839. Na mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya huko iliwakatalia wabunge waliodai kwamba fomu zao za marupurupu zimefunikwa na kinga ya bunge.

Hata hivyo korti hazipendi kuingia mapema. Ukikimbilia Mahakama Kuu siku Spika aliposema tu "kuna dalili za awali", una uwezekano mkubwa wa kuambiwa urudi ukaisubiri kamati.

MsaidiziWadi_Nakuru

Asanteni sana wakubwa. Vipi haya matatu: ripoti ya kamati kuvuja gazetini kabla haijawasilishwa mezani, mwakilishi wadi kukamatwa na polisi akienda kikaoni, na mjumbe aliyedanganya bunge kuhusu hesabu za mradi?

Kiranja_Bungoma

Nijibu kwa ufupi.

Kuvuja: ndiyo, ni la haki za bunge. Tatizo ni kumpata aliyevujisha. Spika huuliza kama kamati ilijaribu kwanza kujichunguza: nani alikuwa na nakala, zilikuwa na namba, rasimu ilitumwa kwa barua pepe gani. Mwenyekiti asiye na majibu hayo hupewa pole tu. Usianze na mwandishi wa habari, Kifungu cha 34 cha Katiba, cha uhuru wa vyombo vya habari, kinamlinda na utapoteza muda.

Kukamatwa: inategemea. Akikamatwa kwa wizi, hakuna kinga, bunge si pango la kujifichia. Akizuiwa njiani makusudi asipige kura, hilo ni kizuizi na Spika atalisikiliza, lakini lete saa, mahali, na namba ya kitabu cha matukio kituoni.

Kudanganya: gumu kuliko yote. Mabunge ya Jumuiya ya Madola hutumia vigezo vitatu, na vyote lazima vitimie: kauli ilipotosha, msemaji alijua wakati huo kwamba si kweli, na alikusudia kulipotosha bunge. Kusoma takwimu mbovu alizoandikiwa na afisa wa idara si kudanganya. Kwanza mtake athibitishe alichosema au akiondoe, kanuni zinamwajibisha mjumbe kwa ukweli wa kauli zake. Akishindwa, ndipo uende mbali.

Na haya hayamo kabisa: marupurupu kuchelewa, hazina ya wadi kutotolewa, kutoalikwa kwenye hafla ya gavana, kiti cha mjumbe kukaliwa na mwingine ukumbini. Hilo la mwisho limewahi kula dakika nyingi za watu kuliko linavyostahili.

MsaidiziWadi_Nakuru

Kuna mtu anaweza kuonyesha uamuzi wenyewe unavyosomeka? Na husomwa lini?

Mezani_Kisumu

Husomwa chini ya Mawasiliano kutoka Kitini, mapema katika orodha ya shughuli, kabla ya maombi ya umma na hati za mezani. Mara nyingi Spika hatoi uamuzi siku ileile. Huwasikiliza wajumbe wachache kutoka pande zote mbili kwa ajili ya mwongozo, kisha huahirisha hadi kikao kingine. Hilo si woga. Karani na mawakili wa bunge wanahitaji muda wa kusoma Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala.

Mpangilio: nani alileta na lini, waliochangia walisema nini, jambo la kuamuliwa (liwe moja au mawili, si saba), sheria na maamuzi ya awali, jinsi yanavyohusiana na lalamiko hili, kisha agizo. Kwa mfano wetu wa Molo ingekuwa hivi:

"Waheshimiwa, katika kikao cha Jumanne mwenyekiti wa kamati aliomba mwongozo wa Kiti kuhusu maneno yanayodaiwa kutamkwa na waziri katika mkutano wa hadhara. Nimepokea kanda, maandishi ya maneno hayo na tafsiri yake. Sikuombwa kuamua kama maneno hayo ni ya kweli, wala sitaamua. Ninachopaswa kuamua ni kama, yakichukuliwa yalivyo, yanagusa kazi ya kamati ya bunge hili. Naona yanagusa. Lalamiko limeletwa katika kikao cha kwanza baada ya ushahidi kupatikana. Naagiza suala hili liende kwa Kamati ya Mamlaka na Haki, ichunguze maneno yenyewe na pia tuhuma zilizomo ndani yake, iwape wote wanaohusika nafasi ya kusikilizwa, na iwasilishe ripoti. Hadi hapo hakuna mjadala humu kuhusu jambo hili. Huo ndio uamuzi wangu."

Angalia kisichokuwamo: hakuna "tusi kubwa", hakuna "bunge hili tukufu halitavumilia". Spika akitaka kupigiwa meza makofi atayaweka hayo, na wakili wa waziri atayapigia mstari.

Akikataa, aseme pia kwa nini: limechelewa, halina ushahidi, ni la mtu binafsi, au lina njia nyingine. Kukataa bila sababu ndiko kunakozaa kelele na wajumbe kutoka nje. Spika wa zamani Kenneth Marende wa Emuhaya alijijengea jina kwa kusoma maamuzi marefu yenye sababu, kama ule wa Februari 2011 kuhusu uteuzi wa Rais kwa nafasi ya Jaji Mkuu na nyinginezo. Hata walioshindwa waliondoka wakijua wameshindwa kwa hoja gani.

WakiliMashinani_Kakamega

Mfano mzuri. Ningebadilisha jambo moja tu: ningeongeza kwamba mwenyekiti mlalamikaji, akiwa pia ni mjumbe wa Kamati ya Mamlaka na Haki, ajiondoe katika suala hili. Wengi husahau, na ni kasoro rahisi mno kuponda ripoti kortini.

MsaidiziWadi_Nakuru

Barua iende nakala ngapi?

Mezani_Kisumu

Mbili. Moja ibaki ofisi ya karani, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saa, kisha urudi nayo. Diski au flashi yenye kanda itajwe ndani ya barua kama kiambatisho, maana vitu vya bahasha visivyotajwa hupotea. Mwenyekiti atie sahihi mwenyewe, si wewe kwa niaba yake.